Mahali pa Bi Futi

Bi Futi aliingia dukani kwa binti yake saa tatu asubuhi, akavuta kiti cha wateja, akakaa, akasema Alhamisi duka lifungwe kwa sababu wana safari ya kwenda kununua kaburi.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani, alikuwa ameinamia fremu ya mteja akikaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Skrubu ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Kaburi la nani, Mama Mdogo?"

"La jirani. La nani tena kama si langu?"

"Unaumwa?"

"Ningekuwa naumwa ningekwambia tukanunue dawa."

Alikuwa na miaka sabini na minne, na hakuwa na maradhi ya kuonyesha mtu ila magoti, ambayo yalitangaza mvua kabla ya redio. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mshonaji wa hospitali: mashuka, foronya, na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa kwa nyuma. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake kama mkufu, na jina lilitoka hapo. Alistaafu yeye, futi haikustaafu. Alipima makabati kabla ya kuyanunua, alipima milango ya watu aliowatembelea, na mwanzoni mwa mwaka ule alipima kitanda chake mwenyewe, akaandika kipimo kwenye kipande cha karatasi bila kumwambia mtu kwa nini.

"Mambo hayo yana siku zake, Mama Mdogo."

"Ndiyo. Na siku hiyo mimi sitakuwepo kuyafanya. Baba yako alipofariki, si uliona tulivyohangaika? Mara hati haionekani, mara muhuri hautoshi. Wewe unakimbiza karatasi, mimi nakukimbiza wewe, hakuna aliyepata hata nafasi ya kulia. Mimi nililia baada ya wiki mbili, tena jikoni, nikikata kitunguu, watu wakadhani ni kitunguu."

Fundi alipiga magoti kutafuta skrubu. Aliiona mapema tu, karibu na mguu wa meza, lakini alibaki kule chini kidogo mpaka macho yakakauka.

"Alhamisi," akasema kutoka chini ya meza. "Haya."

Bi Futi hakuwa amemzaa. Mama mzazi wa Fundi alifariki Fundi akiwa na miaka mitano, na miaka miwili baadaye baba yake, mpiga chapa ambaye vidole vyake havikutoka wino hata sikukuu, akamleta Bi Futi nyumbani. Watu husema mama wa kambo si mama, na majirani walikaa mkao wa kula wakisubiri vituko. Walisubiri mpaka wakachoka. Bi Futi hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, na Fundi hakuolewa. Aliwahi kuchumbiwa na mwalimu mmoja, mambo yakavunjika kimyakimya, na hakuna aliyeulizwa. Baba naye alipoondoka, miaka kumi na mmoja iliyopita, wakabaki wawili katika nyumba ile ya vyumba vitatu, wakigombana kila siku kama dirisha la sebuleni lifungwe au lifunguliwe.

Ofisi ya makaburi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, meza, na ramani iliyofunika ukuta mzima. Vimraba vyekundu vilikuwa vya waliokwisha kulala, vya kijani vya walionunua na bado wapo, vyeupe vilikuwa wazi. Karani alikuwa mtu mwembamba, sauti yake ya chini kama anayeogopa kuamsha mtu. Akawakaribisha, akatoa fomu.

"Hapa tunaandika jina la mmiliki mtarajiwa."

"Mtarajiwa," Bi Futi akarudia. "Na wapo wanaoghairi?"

"Wanaghairi wengi, mama. Lakini wote hurudi."

Bi Futi alicheka mpaka akashika ubavu, na tangu dakika hiyo yeye na karani wakawa kitu kimoja. Fundi hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta akitafuta kwa macho kwenye ramani safu ya nane, ambako wazazi wake walilala.

Karani alifungua daftari kubwa, akafuata mistari kwa kidole. "Lakini mama, kwa nini ununue? Mumeo alilipia viwili siku moja. Chake, na hiki cha kushoto kwake, bado ni cha kijani. Mkewe wa kwanza yuko kulia kwake. Hiki hakukiandikia jina, aliandika tu 'wa nyumbani.'"

"Nakijua," Bi Futi akasema. "Si changu. Nionyeshe vingine."

Fundi aligeuka. "Si chako vipi? Ni cha nani?"

"Nimesema nionyeshwe vingine. Huku kwenye ukuta wa makaburi, mwisho kabisa, naona vyeupe vimejaa."

"Kule ni mbali, mama," karani akasema taratibu. "Watu hawapapendi. Hapana hata njia nzuri."

"Basi hapatakuwa na makelele."

Kama kuna kitu Fundi alikijua kwa mwanamke yule, ni kwamba akishakata kitambaa, kimekatwa. Hakubishana mbele ya mtu. Lakini ilimwuma, tena ikamwuma mahali asipopajua. Miaka yote wamekula meza moja, na leo anachagua kulala mbali nao, ukutani, kama mgeni aliyekosa kiti.

Wakatoka kwenda kupaona. Karani alitangulia, Bi Futi akafuata na futi yake mkononi, Fundi nyuma kabisa akiwa amenuna. Kule ukutani palikuwa na majani marefu na kivuli. Bi Futi akapima urefu, akapima upana, akauliza maji ya mvua hupita wapi, akauliza jua la mchana hupiga upande gani. Kisha akasema nafasi inatosha, ila kabla ya kuweka sahihi anataka kupita kumsalimia dada.

Dada lilikuwa ndilo jina alilomwita mke wa kwanza. Fundi alilizoea, kama mtu anavyozoea ufa kwenye ukuta wa nyumbani kwao. Alibaki kwenye njia, akamwona Bi Futi akiinama taratibu kwa ajili ya yale magoti, akang'oa majani mawili matatu, akakaa kwenye ukingo wa jiwe, akaanza kuzungumza. Hakuwa akiomba wala kulia. Alikuwa anapiga soga.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia njia akasimamisha ufagio, akamtazama Fundi kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Yule wa habari. Mwenye duka la miwani. Aliyepasuliwa nyongo mwaka wa mafuriko. Aliyekuwa amechumbiwa na mwalimu, halafu mwalimu akaonyesha rangi zake." Mfagiaji alijizuia. "Samahani, dada yangu. Nina miaka ishirini na miwili hapa. Mama huyu huja kila mwanzo wa mwezi, hukaa palepale, humwambia mwenzake habari zako zote. Mimi nafagia tu, lakini masikio hayana mlango. Ulipofungua duka, nilifurahi kama nimefungua mimi."

Kila mwanzo wa mwezi Bi Futi huvaa viatu vyake vizuri na kusema anakwenda kununua uzi. Miaka yote hiyo Fundi hakuwahi kujiuliza uzi gani hununuliwa kwa nusu siku.

"Na kabla yako?" akauliza. "Kabla hujaanza kazi hapa, alikuwa anakuja?"

"Aliyenikabidhi ufagio huu ndiye aliyeniambia nisimsumbue."

Sahihi haikuwekwa siku ile. Fundi alisema kichwa kinamwuma, na hakuwa anadanganya. Wakarudi nyumbani. Jua lilikuwa bado juu walipofika, na Bi Futi akaketi sebuleni kwenye kiti chake kidogo cha mbao. Kile kiti kikubwa chenye mito, kilicho karibu na dirisha, kilikuwa kitupu kama kawaida. Fundi akakitazama kile kiti kama ndiyo kwanza anakiona.

"Mama Mdogo, kwa nini hukai pale?"

"Hapa pananitosha."

"Nimekutana na mfagiaji."

Bi Futi akaivua futi shingoni, akaanza kuizungusha kwenye vidole viwili, taratibu, kama alivyofanya akiwa na jambo gumu.

"Ana mdomo yule," akasema.

"Ameniambia unakwenda kule kila mwezi. Unampelekea mama habari zangu. Kwa nini hukunichukua hata siku moja?"

"Mwanzoni ulikuwa mdogo, ukienda na baba yako ulikuwa unarudi na homa. Baadaye ikawa mazoea yangu na yake. Mwanangu, mimi nilimkuta mtoto wa mtu, na mwenyewe hakupata hata nafasi ya kunielekeza. Ningekaaje kimya? Hata ukiachiwa kuku wa jirani, jirani akirudi unamwambia kuku wanaendeleaje. Nilianza kumwambia kwamba umekula. Halafu umeanza kusoma. Halafu ikawa siwezi kuacha."

Fundi akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kile kiti kikubwa.

"Na kule ukutani? Unatukimbia?"

"Nimkimbie nani? Sikiliza. Kile kiwanja cha kushoto kwa baba yako ni chako. 'Wa nyumbani' ni nani kama si wewe? Huna mume, huna mtoto, na mimi sitakuwepo. Nimefikiria sana, atakayekuzika ni nani, na atakuzika wapi? Sitaki uje uwekwe popote palipo wazi, kati ya watu usiowajua. Ukiwa pale, uko na wazazi wako. Mimi nikikichukua, nimekunyang'anya."

"Na wewe uwekwe popote palipo wazi?"

"Mimi nimezoea."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayesema amezoea chai bila sukari. Fundi akamuuliza amezoea nini. Bi Futi alitaka kulipotezea, lakini binti akamkazia macho, na yale macho alikuwa ameyalea mwenyewe, hakuweza kuyakwepa.

"Siku niliyokuja nyumba hii," akasema, "nilikaa hapo unapoegemea. Ukaja, una miaka saba, umeshika daftari lako. Ukaniambia, 'Hapo ni pa mama.' Hukuwa na ubaya. Ulikuwa unanielekeza tu, kama unavyomwonyesha mgeni choo kiko wapi. Nikainuka. Chumbani pia nililala upande wa ukutani, kwa sababu baba yako alisema dada alikuwa akilala upande wa dirisha. Ndiyo ikawa hivyo."

"Sikumbuki," Fundi akasema. "Mama Mdogo, wallahi sikumbuki."

"Utakumbukaje? Lilikuwa neno la mtoto."

"Na wewe ukalishika miaka arobaini na minne."

"Lilikuwa neno la kweli. Mtu ukijua mipaka yako, unakaa kwa amani. Mimi sikuteseka, mwanangu, usije ukalia kwa ajili ya kiti."

Lakini Fundi alikwisha kuanza kulia, na hakukuwa na kitunguu cha kusingizia.

Asubuhi iliyofuata hakufungua duka. Alikwenda peke yake hadi ofisi ya makaburi, akasimama mbele ya ile ramani, akaweka kidole si kushoto kwa baba yake bali kulia kwa mama yake. Kimraba cha kijani.

"Hiki ni cha nani?"

Karani akafungua daftari. "Kina mwenyewe. Mzee mmoja mlinzi, amestaafu. Alikinunua zamani. Huja hapa kulalamika kila baada ya miezi michache."

"Kulalamika nini?"

"Taa," karani akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Halmashauri walisimamisha nguzo ya taa karibu na pale. Nenda kazungumze naye. Pengine Mungu amekupangia."

Wenyewe mtaani walimwita Mzee Tochi. Alikaa chumba cha uani, madirisha yakiwa na mapazia mawili mawili, na alimpokea Fundi mlangoni akiwa amekunja macho kwa ajili ya mwanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi, funga mlango, jua linaingia."

Fundi alipomweleza kilichomleta, mzee alipiga paja.

"Kiwanja kile! Nimelinda maghala miaka thelathini na moja, nimekesha chini ya taa mpaka ngozi ya macho ikawa nyembamba. Nikasema nikifa nitalala gizani kama watu. Waliniuzia giza, halafu wakaniletea nguzo. Taa inawaka pale usiku kucha, kama vile nitaingia kazini."

"Kule ukutani hakuna taa, mzee. Pana kivuli hata mchana. Tutakununulia kimoja kule, tunaomba tubadilishane."

Macho ya mzee yakafunguka kidogo. Lakini mlinzi ni mlinzi, hafungui geti kabla ya kuuliza. "Na nyinyi mnakitakia nini hicho chenye taa?"

Fundi akamwambia. Hakuwa amepanga kusema yote, ila chumba kilikuwa na giza, na gizani maneno hutoka yenyewe. Akamwambia kuhusu uzi unaonunuliwa kila mwanzo wa mwezi, kuhusu kile kiti, kuhusu neno la mtoto wa miaka saba. Mzee Tochi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee akatafuta kofia yake.

"Twende nikakione hicho cha ukutani," akasema. "Na huyo mama awepo. Nataka nimwone mtu wa namna hiyo."

Kabla ya kwenda ilibaki kumwambia mwenyewe, na hilo ndilo Fundi aliloliogopa. Alimkuta Bi Futi akipinda pindo la pazia, akakaa mbele yake kwenye stuli.

"Mama Mdogo, kulia kwa mama pana nafasi. Haikuwahi kuwa ya mtu wa nyumba hii, humnyang'anyi mtu. Cha kushoto kwa baba nitakichukua mimi kama ulivyotaka. Wewe ukae kwa mama."

Sindano ilisimama.

"Nilale na dada?"

"Mmezoeana."

Bi Futi akalinyoosha pazia magotini. "Na kama hataki? Mimi humsemesha, lakini yeye hajawahi kunijibu."

"Mtu akisikiliza miaka arobaini na minne, amekwisha kujibu." Fundi akamshika mkono wenye sindano, kwa uangalifu. "Yule mtoto wa miaka saba alikuonyesha pa kukaa. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, anakuonyesha tena. Hapo ni pako, Mama."

Hakusema Mama Mdogo. Wote wawili walilisikia lile neno lililokosekana, na hakuna aliyeligusa. Bi Futi akavuta pumzi, akarudi kwenye pindo lake, akashona mishono mitatu minne, yote ikaenda upande.

"Nitakwenda kupapima kwanza," akasema.

Wakaenda wanne: Bi Futi, Fundi, Mzee Tochi na karani na daftari lake. Mzee alisimama kule ukutani, akafumba macho, akayafumbua, akafumba tena, akatangaza kwamba hapo mtu anaweza kulala. Bi Futi akamzungushia futi mabegani bila kuomba ruhusa, akamwambia karani aandike kwamba mzee huyu ni mpana, wasije wakambana. Kisha akaenda safu ya nane, akapima kulia kwa dada. Nguzo ya taa ilikuwa hatua tano tu. Akaitazama kutoka chini hadi juu.

"Taa hii inafaa sana," akasema. "Mimi gizani huwa sioni hata tundu la sindano."

Karani akabadilisha majina, wote wakaweka sahihi.

Bi Futi aliishi miaka mitatu mingine, na watu wa mtaa walisema ilikuwa miaka yake mizuri. Alianza kukaa kwenye kile kiti kikubwa, kwanza pembeni kwenye ukingo, baadaye mzimamzima, akilalamika kwamba mito imechakaa. Mwanzo wa mwezi walikwenda wawili kumsalimia dada, na mara nyingine Fundi alipinga habari ilivyosimuliwa, wakabishana palepale. Mzee Tochi alizoea kupita nyumbani jioni jioni. Alishonewa pazia la tatu.

Bi Futi alikufa mchana mmoja wa baridi, kifua kikiwa kimembana siku nne tu. Fundi alikuwa amemshika mkono. Baadaye watu walipoanza kujaa na kuuliza nani amekwenda kutafuta karatasi, nani anafuatilia kiwanja, nani amepewa vipimo, yeye aliwaonyesha bahasha moja iliyokuwa kwenye droo ya cherehani. Kila kitu kilikuwa ndani, kimekunjwa vizuri kama shuka la hospitali. Hakuna aliyetakiwa kukimbia popote. Basi Fundi akakaa chini katikati ya sebule, shoga zake wakamshika mabega, akamlilia mama yake tangu alasiri mpaka jua likazama, bila mtu wa kumkatiza, bila kitu cha kusaini.

Walimzika siku iliyofuata. Mzee Tochi alikuja amevaa koti lake la zamani la kazi, akasimama karibu na nguzo muda wote, na watu walipoanza kutawanyika alibaki. Fundi alipomwambia waondoke, mzee alisema yeye hana haraka, kukesha ndiyo kazi anayoijua, na angalau siku hii ya kwanza mama asibaki peke yake. Fundi akasema hayuko peke yake. Mzee akatazama yale makaburi mawili ya wanawake, lile la zamani na lile la udongo mbichi, akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia.

Mfagiaji aliwafungulia geti. Karani alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, akamwuliza Fundi, kwa ile sauti yake ya chini, kama angependa kupita kuhakiki kile kiwanja cha upande wa pili, kilichoandikwa jina lake sasa. Fundi alimshukuru. Akamwambia siku nyingine, leo nyumbani kuna watu wanasubiri chai, na kesho asubuhi ana duka la kufungua.